Ishirini na Saba Ndani ya Mabano

Nani alikwambia kwamba kisichofika hamsini hakistahili kuandikwa?

Mjini Barnsley jibu linajulikana. Ni Trevor Womersley. Mwaka 1991, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita aliyetoka juzi tu kwenye chumba cha taa cha mgodi uliofungwa, mhariri wa gazeti la mji alimwita akamwambia kwamba matokeo anayoyaandika ya snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira ya rangi kwa fimbo mezani, yanakula karatasi. Trevor alifikiri kwa muda wa sigara moja, kisha akatoa kanuni. Kila fremu, yaani kila duru ya mchezo, iandikwe kwa pointi za wachezaji wawili, basi. Mchezaji akipiga mkupuo mmoja, yaani mfululizo bila kukosa, wa pointi hamsini au zaidi, idadi hiyo iwekwe kwenye mabano mbele ya pointi zake. Chini ya hamsini, hakuna mabano. Mhariri akampigapiga begani, na kanuni ikakaa.

Wahariri saba wamepita tangu siku hiyo. Kanuni bado ipo, na imekuwa desturi ya watu. Kwenye kilabu ya wachimba makaa wa zamani hawakuulizi kama umeshinda. Wanakuuliza, "Una mabano?"

Trevor ana madaftari sitini na moja nyumbani, chini ya ngazi, na ndani yake kila fremu aliyoiona kwa macho yake. Mkewe, Jean, huyaita "wapangaji wasiolipa". Trevor analipwa kwa mstari siku hizi, na mistari inapungua kila mwaka. Ukurasa wenyewe hupangwa mji mwingine, na binti anayeitwa Imogen ambaye hupanga kurasa za magazeti manne kwa wakati mmoja na hajawahi kuona meza ya snuka ila kwenye baa. Trevor hamlaumu. Anajilaumu mwenyewe, hasa kwa sababu ya mtu mmoja, Dale Sugden.

Dale ni mpiga lipu. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa mchezaji wa kulipwa ambaye humwoni kwenye televisheni. Kilabuni wanamwita Msasa, kwa sababu hakushindi kwa kishindo, anakusugua. Anapiga kumi na mbili, anajificha. Anapiga kumi na tisa, anajificha. Anakuachia mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, mahali ambapo huna la kufanya nao, kisha anaketi na kungoja ukose. Ni ufundi ambao mtu hulala nao na kuamka nao miaka mingi kabla haujamkaa mikononi, na kwenye gazeti hauachi hata alama. Dale ameshinda mechi nyingi kuliko vijana kumi wenye picha, na jina lake likitoka huwa tupu kama ukuta kabla ya lipu.

Baba yake, mzee Clifford, ana miaka themanini na mmoja. Alichezea timu ya mgodi. Kila asubuhi baada ya mechi ya mwanawe hufungua gazeti kilabuni, huweka kidole kwenye mstari, hukitembeza mpaka mwisho, halafu husema neno moja tu. "Tupu."

Ukitaka kumweleza mechi ilivyokwenda, anakuzuia kwa kiganja. "Hadithi ni za walioshindwa," husema. "Mshindi ana mabano."

Jumanne ile Dale alikuwa anacheza mechi ya kumbakisha au kumtoa. Akishindwa, alikuwa anarudisha kadi yake ya uchezaji na kubaki na ndoo na mwiko. Walikutana na Trevor mlangoni mwa ukumbi wa michezo saa saba mchana, mvua ikiwanyea wote wawili.

"Mzee anasemaje?" Trevor aliuliza.

"Anasema niache kabla sijafukuzwa." Dale alikuwa anafuta fimbo yake kwa kitambaa, taratibu, kana kwamba ilikuwa na homa. "Anasema miaka ishirini na miwili ameweka kidole chake kwenye gazeti, na kidole hakijakwama hata mara moja."

"Mwambie mimi ndiye niliye..."

"Anajua, Trev. Anakusifu kwa hilo. Anasema ndilo jambo la maana pekee umewahi kufanya."

Wakacheka, lakini Trevor alicheka kwa mdomo tu.

Ukumbi ulikuwa umegawanywa kwa mapazia meusi kuwa vibanda vinane, kila kibanda na meza yake. Kamera zilikuwa meza ya kwanza, alikokuwa Ricky Delacourt, bingwa wa zamani, na waandishi wote walikuwa wamejazana huko. Meza ya sita ilikuwa na viti vinne. Kimoja alikikalia Trevor na chupa yake ya chai. Kingine alikikalia kocha wa mpinzani wa Dale, kijana wa miaka ishirini na minne aitwaye Callum Frayne, mwenye mkono mwepesi na kiatu kinachong'aa. Viwili vilikuwa vitupu.

Wa kwanza kufikisha fremu sita ndiye mshindi. Walikwenda bega kwa bega saa nne nzima mpaka wakawa tano kwa tano. Saa kumi na moja na robo jioni fremu ya mwisho ikaanza, na simu ya Trevor ikatetemeka mfukoni. Akatoka nje ya pazia.

"Bwana Trevor, Delacourt amelalamika," Imogen alisema kwa haraka. "Anasema ukumbi unanuka dawa ya bwawa la kuogelea. Anasema hawezi kuvuta pumzi. Nataka maneno mia tatu."

"Bwawa liko mlango wa pili, binti. Linanuka tangu 1974."

"Mia tatu, tafadhali. Na picha ninayo."

"Huku meza ya sita kuna mtu anapigania..."

"Meza ya sita yuko nani?"

"Sugden."

Ilisikika sauti ya vidole kwenye kibodi. "Sina picha yake. Nipe mstari wa matokeo. Ukurasa unafungwa saa kumi na mbili na nusu, na mtambo hauningojei."

Aliandika mia tatu za bwawa akiwa amesimama kando ya mashine ya soda, akizichukia moja moja, akazituma. Akarudi ndani ya pazia. Frayne alikuwa amepiga mkupuo wa hamsini na nane. Ubao ulisema Frayne sitini na nne, Sugden ishirini na tatu. Mipira myekundu ilikuwa imekwisha. Mezani ilibaki sita ya rangi, njano mpaka mweusi, na ukiitumbukiza yote sita unapata pointi ishirini na saba, haiongezeki hata moja. Dale alikuwa nyuma kwa arobaini na moja.

Hapo mchezaji wa kulipwa hutoa mkono na kwenda zake. Ndiyo adabu ya mchezo. Kilichobaki ni kumtega mwenzako ili akosee: unauficha mpira mweupe nyuma ya mpira mwingine asiuone wa njano, ambao ndio lazima auguse kwanza, naye akikosa, wewe unapewa pointi nne. Dale alihitaji mitego minne, na baada ya hapo asikose hata mpira mmoja. Kocha wa Frayne alikwisha kusimama, akaenda kutafuta chai.

Frayne alikuja na mkono wake umenyooka tayari. "Asante kwa mechi, mzee."

Dale hakuutazama. "Bado."

"Minne, kaka. Unataka mitego minne?"

"Najua kuhesabu."

"Basi nimpigie mama asiniwekee chakula?"

"Mwambie aweke," Dale alisema. "Ila afunike."

Mwamuzi, mwanamke mrefu mwenye glavu nyeupe, alikohoa. Dale akainama mezani.

Mtego wa kwanza ulichukua dakika kumi na moja. Mara mbili Dale alimfungia njia na mara mbili Frayne akachomoka kwa kupiga ukingo, akicheka puani. Mara ya tatu mweupe ukateleza ukaegemea mgongo wa mweusi, ukabaki hapo kama mtoto aliyejificha nyuma ya sketi ya mama yake. Frayne alipiga ukingo, mpira ukapita kando ya wa njano kwa nafasi ya kucha.

"Kosa. Pointi nne," mwamuzi akasema.

Frayne hakucheka tena puani.

Wa pili ulikuja upesi, nyuma ya wa kahawia. Nne. Thelathini na moja. Trevor alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Chai ilikuwa imepoa kwenye kifuniko cha chupa, na hakukumbuka kuimimina. Alitaka kukimbia meza ya kwanza, awavute wale wenzake kwa kola, awaambie njooni, acheni pua ya Delacourt, njooni muone mtu anavyofanya kazi. Hakuthubutu hata kuvuka mguu mmoja juu ya mwingine, kiti kisilie.

Mtego wa tatu ndio ule. Trevor ameandika juu yake kurasa mbili katika daftari la sitini na moja, na bado hajaridhika. Hapakuwa na mahali pa kujificha. Wa waridi na wa bluu ilikuwa mbali, mweusi ulikuwa wazi. Dale aliizunguka meza mara tatu, akaenda kukaa, akainuka tena. Kisha akapiga pole, pole sana, akautuma mweupe kwenye kingo tatu, ukawa unakwenda unakufa, unakwenda unakufa, mpaka ukaingia katikati ya wa kijani na ukingo, mahali ambapo Trevor angeapa mpira hautoshi. Uliingia. Ukakaa.

Frayne aliinama, akainuka, akainama. "Hiyo ni ya makusudi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Cheza, mwanangu," Dale alisema.

Frayne aligusa wa kijani kwanza. Nne. Thelathini na tano.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili simu ilitetemeka tena. Trevor aliikandamiza kwa paja. Dale aliweka mtego wa nne, Frayne akachomoka. Dale akaweka mwingine, kijana akachomoka tena, jasho likimtoka kwenye ndevu. Dale akajaribu tena, mweupe ukajibana nyuma ya mweusi, na safari hii mkono wa kijana ulikuwa mzito. Mpira ulirudi kutoka ukingoni, ukapunguza mwendo, ukasimama mbele ya wa njano. Kati ya mipira hiyo ingepita karatasi moja tu.

Mwamuzi alipiga goti. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kosa. Pointi nne."

Thelathini na tisa kwa sitini na nne. Dale alikuwa nyuma kwa ishirini na tano, na mezani zilikuwapo ishirini na saba. Alihitaji yote sita. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja.

Njano iliingia. Kijani. Wa kahawia ulining'inia mdomoni mwa mfuko, ukafikiri, ukaanguka. Bluu iliingia bila shida, na waridi pia. Thelathini na tisa ikawa hamsini na tisa. Ukabaki mweusi, umejibandika ukingoni, na njia yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Dale alipaka chaki. Akapaka tena. Kutoka meza ya kwanza yalisikika makofi, watu wakimpigia Delacourt, na Dale akangoja yaishe. Akainama.

Mpira mweusi ulitembea kando ya ukingo wote ukitetemeka, ukazama.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwamuzi alivua glavu moja, akamshika Dale mkono. Frayne aliketi, akatazama viatu vyake. Pazia likafunguka, kocha akaingia na vikombe viwili vya chai.

"Tumeshinda ngapi?" aliuliza.

Dale alimpita Trevor akiwa ameufumba mkono wa kulia ndani ya wa kushoto.

"Utamwambia mzee?" Trevor alimnong'oneza.

"Nikimwambia ni hadithi." Dale alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe mwandishi. Andika."

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Trevor aliandika aya moja, sentensi tano, hakuwahi kuandika haraka namna ile. Akapiga simu.

"Hapana nafasi," Imogen alisema. "Bwana Trevor, samahani, hapana nafasi hata ya sentensi moja, Delacourt amejaa mpaka chini. Mstari tu! Mstari!"

Akauandika mstari. Frayne sitini na nne, na kwenye mabano hamsini na nane. Sugden sitini na sita. Akasimama hapo. Kwa kanuni yake mwenyewe, ambaye angebaki na alama ni kijana aliyeshindwa, na fremu bora kuliko zote zilizokuwa katika madaftari sitini na moja chini ya ngazi ingetoka tupu. Trevor alihisi uso unamwaka, kama mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. Akafungua mabano. Akaandika 27. Akafunga mabano. Akatuma.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu ujumbe ukaingia. *Ukurasa umekwenda. Nimekurekebishia kosa dogo kwenye mabano ya Sugden. Mabano huanza hamsini, kwa hiyo najua ulikuwa umegeuza tarakimu, nimeweka 72. Kapumzike!*

Trevor alipiga simu mara sita. Mtambo ulikuwa umeanza.

Hakumwambia Jean neno usiku ule. Alikula pai yake baridi, akalala akiwa anatazama dari. Tupu ilikuwa aibu, lakini sabini na mbili ulikuwa uongo, na uongo wenyewe wa kijinga. Mtu aliyemaliza na sitini na sita hawezi kuwa amepiga sabini na mbili. Miaka ishirini na miwili Dale alingoja mabano, na yamekuja kuwa kichekesho.

Saa nne asubuhi iliyofuata alisukuma mlango wa kilabu akiwa amejiandaa kuomba radhi. Mzee Clifford alikuwa mahali pake karibu na hita, gazeti mbele yake, picha ya Delacourt akiwa ameziba pua ikiwa imefunikwa na kikombe cha chai. Kidole kilikuwa kwenye mstari. Kilikuwa hakitembei.

"Womersley! Njoo hapa. Siku hizi huwezi hata kuhesabu?"

"Mzee, lile ni kosa la..."

Kiganja kikainuka. "Sikutaka hadithi. Sitini na sita, mkupuo sabini na mbili. Amepigaje? Zile sita alizila?"

Wazee wawili wa meza ya domino wakacheka. Clifford hakucheka. Alitoa kipande cha penseli nyuma ya sikio, akakata sabini na mbili, akaandika juu yake ishirini na saba. Akakaa anaitazama. Midomo ilikuwa inacheza.

"Ishirini na saba ni rangi zote," alisema kwa sauti ya chini, si kwa mtu. Akaandika thelathini na tisa pembeni. "Alikuwa na hii. Kijana ana sitini na nne. Nyuma kwa ishirini na tano." Penseli ikasimama. "Nani anaacha meza ifike hapo na rangi zote sita bado zipo? Womersley. Nitakuuliza moja tu, na unijibu kwa namba. Katika hizi thelathini na tisa, ngapi ni za makosa ya kijana?"

"Kumi na sita," Trevor alisema.

Wazee wa domino wakageuka.

Mzee alikunja gazeti, akainuka kwa kushika kiti, akaenda mpaka kwenye meza ya snuka. Alivuta kitambaa cha kufunikia mwenyewe, hakutaka msaada. Akapanga mipira sita ya rangi, akatoa mweupe, akausogeza nyuma ya mweusi, akaurudisha, akaupeleka nyuma ya wa kahawia. Mlango ukafunguka. Dale aliingia na ndoo yake, suruali nyeupe kwa lipu, amekuja kumalizia ukuta wa kilabu. Alipoona gazeti limekunjwa alisimama pale pale.

Clifford hakugeuka.

"Mtego wa tatu uliuweka wapi?" aliuliza.

Dale aliweka ndoo chini. Alifuta mikono pande zote mbili za suruali, akaja mpaka mezani, akauchukua mpira mweupe mkononi mwa baba yake.